Mwalimu Aliyeomba Kisu

Nilikuwa kwa mama mmoja wa hapa Busia anayeuza unga wa muhogo na mtama, nikingoja kilo zangu mbili. Mhadhiri wa chuo kikuu, aliyetumwa kuwasaidia kina mama walioanza biashara ya vyakula, aliinua gunia lililofunika muhogo, akakuta umeota ukungu mweusi. Akaziba pua.

"Mama, hii imeoza. Tupa yote!"

Mama hakukasirika. Alikwangua ukungu kwa kisu, muhogo ukatokea mweupe pe.

"Mwalimu, hii ndio imeiva. Usipofunika hivi, ugali inakuwa chungu."

Mhadhiri aliutazama ule weupe, akavua koti, akaomba kisu cha pili. Walikwangua beseni zima. Kisha akauliza muhogo unaanikwa wapi. Mama akaonyesha ukingo wa lami, malori yanapopita.

"Hapo sasa mama tutakosana," akasema, na wote wawili wakacheka.

Wiki hii kuna kichanja cha kuanikia nyuma ya duka. Wataalamu wengi huja huku na majibu mkobani. Huyu alirudi chuoni akinuka muhogo. Namshukuru kwa moyo wote. Jana, kwa mara ya kwanza, nilikula ugali wa mama yule bila kutafuna mchanga.