Hodi ya Mlango wa Karatasi

Siku yangu ya mwanzo kazini niliambiwa nivue bangili. Nilikuwa nimevaa nguo yangu ya kutokea, mkono mzima unalia kwa fedha na dhahabu, nimejifukiza udi, maana nilidhani mtu akiitwa kwenye kazi ya filamu ataonekana. Mkurugenzi wa sauti, Bwana Suleiman Mbarak, alinitazama akacheka kwa adabu.

"Bi Thuwaiba, hapa huonekani. Hapa unasikika tu. Na bangili zako zinasikika kuliko wewe."

Nikazivua nikazitia mkobani. Ndivyo nilivyoingia kwenye kazi ya kutia sauti, ambayo Waarabu wanaiita dublaji, katika studio ndogo ya Darsait, hapa Maskati, juu ghorofani, chini yake fundi wa kushona viti vya gari. Nilikuwa mjane tayari, nna wajukuu, na kazi ya mshahara sijapata kuifanya. Mtoto wa kaka yangu ndiye aliyesikia kwamba wanatafuta sauti ya bibi kizee anayesema Kiswahili cha Unguja bila ya kuigiza. Akawaambia, "Anayo shangazi yangu, na wala hainyamazi."

Nyinyi vijana mnaoniuliza kazi ile ilikuwaje, basi sikilizeni. Filamu inakuja na lugha yake. Mtafsiri anayageuza maneno kuwa Kiswahili, kisha anayapima kwa mdomo wa yule anayeonekana. Wewe unavaa visikizio, unamsikia mwenyewe anavyosema, unamtazama usoni, na mdomo wake ukifunguka na wako ufunguke, ukifungika umemaliza. Kuna herufi tukiziita za midomo: ma, ba, pa. Hizo huzisemi mpaka midomo ikutane. Mtu kwenye picha kaachama, wewe unasema "babu," mtazamaji anajua hapo hapo kwamba anadanganywa.

Taa nyekundu ikiwaka, kiyoyozi kinazimwa, kwa sababu kinanguruma. Na joto la Maskati mnalijua. Tukitoka humo ndani tumerowa kama tuliotoka kuoga. Ikija adhana tunasimama, kwa kuwa maikrofoni inanasa kila kitu, na watu wale wa kwenye filamu hawakuwa na msikiti mtaani kwao.

Watu wenyewe walikuwa Wajapani wa zamani. Filamu zilitokana na mfululizo wa vitabu vya hadithi za jinai, vya wakati ule mji wa Tokyo ukiitwa Edo. Kulikuwa na mlinzi wa mtaa, jina lake Tatsuzo, anayetafuta wauaji kwa macho na masikio yake tu, kwa kuwa kamera hakuna wala alama za vidole. Alipanga chumba kwa bibi mmoja mjane, Okume, mwenye hamamu, kama zile za Hamamni kwetu Unguja. Watu wakija kuoga wanasema yao yote, na Okume anasikia yote. Tatsuzo alikuwa Bwana Suleiman mwenyewe. Okume nilikuwa mimi.

Vitabu hivyo vilitiwa kwenye picha mara mbili. Kwanza zamani, nyeusi na nyeupe, na Okume wa humo ni mnene, mcheshi, akicheka tumbo lote linacheka. Halafu miaka ya karibuni ukatengenezwa mfululizo mpya wa televisheni, wa rangi, na Okume wa huo ni mwembamba, anasema zaidi kwa macho. Sisi tulipewa zile za zamani kwanza, na kituo kimoja cha televisheni cha Afrika Mashariki kinachoonekana mpaka Maskati. Tukizifanya vizuri tutapewa na mpya.

Aliyeutaka ule mpya kuliko sote ni mtafsiri wetu, Salha binti Rashid. Msichana huyu alikwenda mpaka Japani kusoma lugha, na wenziwe wote waliorudi na Kijapani wamepata kazi nzuri za maofisini huko Al Khuwair. Yeye akaja Darsait kwa ajili ya Tatsuzo. "Bibi," aliniambia siku moja, "vitabu hivi ndivyo vilivyonipeleka kule. Nataka mtu wa Unguja, wa Mombasa, avisikie kwa lugha yake. Wakimpa mwengine ule mpya, mimi ntakuwa nimesoma bure."

Nami nilimpenda kwa jambo jengine. Mimi darasa langu ni chuo cha Kurani tu, herufi za kizungu nazisoma kwa kusitasita. Salha alikaa na mama yake, akajifunza kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama barua za wazee wetu, akawa ananiandikia maneno yangu hivyo. Hakunitangazia. Nilikuta karatasi imewekwa mbele yangu, basi.

Sasa nikwambieni mtindo wa studio yetu. Wajapani wale wakikutana wanainama, kichwa chini, kimya. Mlango wao ni wa karatasi, wanapiga magoti nje, wanausukuma taratibu. Mara nyengine wanabisha, mara nyengine hawasemi kitu. Filamu za mwanzo tuliziacha kama zilivyo, na watazamaji wakalalamika: watu gani hawa wasio na adabu, mtu anaingia kwa mwenziwe bila ya hodi! Kuanzia hapo Bwana Suleiman akatoa amri.

"Mdomo usioonekana ni wetu," akasema. "Akiinama, mwamkieni. Akitupa mgongo mlangoni, mpigieni hodi."

Tukawaamkia Edo nzima. Kila kichwa kilichoinama tukakitia shikamoo, kila mlango tukaupigia hodi. Watu wakapenda. Jirani yangu wa Ghubra, Bi Zuwena, alikuwa akisema, "Wajapani wenu siku hizi wametengenea."

Ikaja hadithi ya mfanyabiashara wa vitambaa, iliyogawiwa sehemu mbili. Sehemu ya kwanza, asubuhi, shemeji wa tajiri yule anakuja nyumbani, anapiga magoti mbele ya mlango wa karatasi, mgongo kwetu, anausukuma, anapiga ukelele: tajiri amelala chini, amekufa. Shemeji yule sauti yake ilikuwa ya Said Khalfan. Said alikuwa na sauti ya mbuyu uliooza ndani, wabaya wote walikuwa wake. Mgongo ulikuwa kwetu, mdomo hauonekani, basi Said akapiga hodi yake kama desturi. Tukaipeleka, ikaonyeshwa.

Wiki iliyofuata tumekaa kurikodi sehemu ya pili. Filamu zilikuwa zikitufikia kipande kipande, na Salha alikuwa amekwisha kutujulisha kwamba filamu hii imeacha njia ya kitabu: kitabuni muuaji anajulikana kwa ndara zake zilizorowa, na humu ndara hakuna. Amemalizia kuitafsiri usiku wa jana yake tu, uso umemvimba. Tukasogea mpaka mwisho. Tatsuzo anawakusanya watu, anauelekezea kidole mlango wa karatasi. Bwana Suleiman akajisafisha koo, akasoma:

"Ulifungua bila ya kupiga hodi. Ulijua ndani hakuna aliye hai."

Taa nyekundu inawaka. Chini fundi wa viti anagonga, ko, ko, ko.

"Lakini alipiga," akasema Said. "Nilimpigia mimi."

Salha akaweka karatasi chini. "Nilijua nikifika hapa mtaniambia hivyo," akasema. "Usiku wote nimeitafutia njia, sikuiona."

Hapo mfahamu shida yenyewe. Ushahidi wote wa hadithi ulikuwa kimya cha mlangoni, na sisi kimya kile tumekitia adabu. Sehemu ya kwanza imekwisha kuonekana na watu. Na mkuu wa ununuzi wa kile kituo cha televisheni, Bi Grace, alikuwa ameshatupigia simu mara moja, siku nyundo ya fundi wa viti iliposikika kwenye filamu. Namkumbuka neno kwa neno, na Kiswahili chake cha bara: "Mzee Suleiman, Edo walikuwa na karakana ya magari? Kosa lingine moja tu, na hiyo serial mpya naipeleka kwingine. Sitaki lawama."

Bwana Suleiman akavua visikizio. "Tumwambie ndara zilizorowa, kama kitabuni."

"Anaelekeza mlango, Bwana," akasema Salha. "Na picha inarudi mlangoni, wataonyeshwa tena mgongo wa shemeji. Ndara hazipo."

"Basi tuifute hodi kwenye hicho kipande kinachorudi."

"Watu wameshaisikia! Watasema tunawafanya wajinga."

Fundi mitambo wetu, Khamis, akakirudisha kipande kile cha sehemu ya kwanza tukisikilize. Mgongo. Goti. "Hodi!" na papo hapo, sss, mlango unasukumwa. Akakirudisha tena. "Hodi!" sss. Mimi joto limenishika, njaa imenishika, nikamgeukia Said.

"Wewe Said, kwenu mmefunzwa wapi kupiga hodi? Hodi moja na mguu ushaingia ndani! Hata karibu hukungoja."

"Bibi we, nafasi niliyopewa ni ya kupumua tu! Ulitaka nimshike mkono asifungue?"

"Ningekuwa mwenye nyumba ningekurudisha nje."

"Mwenye nyumba amekufa, Bi Thuwaiba, angenirudisha nani?"

Tukacheka wote, kasoro Salha. Salha alikuwa amesimama.

"Semeni tena," akasema. "Ami Said, sema tena ulivyosema."

"Nimesema mwenye nyumba amekufa."

"Na hodi mtu anapiga ngapi?"

"Tatu," nikamjibu, "na kila moja anangoja. Asipoitikiwa anakwenda zake."

"Huyu kapiga moja, na hakungoja." Akaichukua kalamu. "Hakungoja karibu, kwa kuwa alijua hakuna wa kuisema."

Bwana Suleiman alimtazama, kisha akatazama skrini, kisha akavaa visikizio polepole. "Yallah," akasema. "Nipimie."

Hapo ndipo kazi hasa ilipoanza, maana kupata neno si kulitia mdomoni. Midomo ya Tatsuzo inakutana mara mbili tu katika usemi ule, na kati yake kuna pumzi. Salha akaandika, akafuta, akaandika. Tukajaribu maneno marefu, mdomo ukafungika sisi bado tunasema. Tukajaribu mafupi, mtu akabaki anatafuna hewa. Mwisho likaja hili:

"Ulipiga hodi. Hukungoja karibu."

Pa ya "ulipiga" ikakaa pale midomo ilipokutana mwanzo, na ba ya "karibu" ikakaa pa pili. Khamis akapiga kofi. Lakini Bwana Suleiman akatikisa kichwa. "Mtoto mdogo akitazama hatofahamu. Mwenye kuuliza kwa nini hakungoja, nani atamjibu?"

Salha akaniashiria mimi. Katika picha, nyuma ya Tatsuzo, Okume mnene amekaa anamimina maji ya moto kwenye birika, mgongo kwetu. Kwa Kijapani hasemi kitu. Mgongo kwetu, mdomo wetu.

Akaniandikia kwa herufi zetu, mstari mmoja. Niliusoma mara mbili kimoyomoyo. Taa nyekundu ikawaka. Nilimngojea Bwana Suleiman amalize, nikamngojea yule shemeji ainue uso, na nikasema taratibu, kama mtu anayejisemea mwenyewe juu ya birika:

"Ulijua wa kuitika hayupo."

Mara moja tu. Bwana Suleiman hakutaka turudie.

Tukaipeleka. Salha alikuwa hali wala hanywi mpaka ilipoonyeshwa. Siku ya pili yake simu ikalia, Bi Grace. Bwana Suleiman akaitia sauti tusikie sote, nadhani ili tukifukuzwa tufukuzwe pamoja.

"Mzee, hiyo ya mlango," akasema. "Mama yangu amekaa sebuleni anarudia, ati hukungoja karibu, hukungoja karibu. Mtafsiri wenu ni nani?"

"Salha binti Rashid."

"Mwambie aanze kujitayarisha na serial mpya."

Salha alikaa chini pale pale kwenye zulia la studio akalia, na Said akamwambia, "Nyamaza, maikrofoni imewashwa," ikawa kicheko.

Jioni nikampitia Bi Zuwena, nikamwuliza kama filamu imempendeza. Akaguna. "Imenipendeza, lakini muuaji mimi nilishamjua tangu sehemu ya kwanza."

"Ulimjuaje?"

"Mtu gani anapiga hodi moja na kuingia? Nilimwambia mume wangu hapo hapo, huyo ndiye."

Wallahi siku nzima tumekaa tunatafuta njia ya kutoka, na Bi Zuwena na kahawa yake alikuwa ameshaiona sebuleni kwake.

Mfululizo mpya nikautia sauti mwaka wake wa mwanzo. Okume mwembamba alinipa taabu, kwa kuwa yule wa zamani ukicheka umemaliza, na huyu inabidi umfikirie kabla hajafumbua mdomo. Halafu koo likaanza kukauka, mwisho wa sentensi sauti ikawa inakatika. Nikamwambia Bwana Suleiman kwamba Okume anataka pumzi ambayo mimi sinayo tena. Hakunibembeleza, na nikamshukuru kwa hilo. Mwaka uliofuata na yeye akastaafu, na kiti chake cha mkurugenzi wa sauti akakikalia Salha.

Watu wananiuliza kama kazi hii itaishi, kwa kuwa sasa kuna mashine za kutia sauti zenyewe. Mimi sijui mashine. Najua kwamba Salha amewaita wasichana wa Ghubra na Darsait, wengine Kiswahili chao cha nyumbani tu, kimejaa Kiarabu, anawakalisha, anawasikilizisha namna bibi zao wanavyosema. Anayemtia sauti Okume hivi sasa ni Rayya, mjukuu wa Said Khalfan. Siku yake ya mwanzo alikwenda na bangili, akaambiwa avue. Alinipigia simu kunihadithia, nikacheka mpaka nikakohoa.

Zangu nimezivaa tena zote. Alkhamisi niko jikoni nachoma mikate, televisheni iko sebuleni inaendelea. Nasikia mlango wa karatasi, nasikia sauti ya Rayya, sauti mbichi bado, lakini imetulia: "Hodi." Inangoja. "Hodi." Inangoja. Salha ndiye aliyempa nafasi hiyo, naijua kazi yake.

Na mimi huku, mkono kwenye unga, bangili zinalia, naitika: "Karibu, mwanangu. Karibu ndani."