Moto Usiotolewa Nje

Nilikuwa bado mtoto wa miaka tisa mwaka ule baridi ya mwezi wa saba ilipoingia Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi hapa Malawi, na upepo wake. Nyumba yetu ya matofali mabichi ilikuwa na matundu kila upande, tukayaziba kwa magunia. Tulikuwa wawili tu, mimi na Koko, yaani bibi mzaa mama. Mama alikuwa ameondoka Jumatatu kwenda Lilongwe kuuza vitenge sokoni Old Town, akasema angerudi Jumamosi.

Koko alitoka Fizi, kule Kongo, na desturi zake. Mtu wa nyumba akiwa safarini, moto wa nyumba hiyo hautolewi nje, hata kaa moja, mpaka alale tena kitandani pake. Ukitolewa, anasahau njia.

"Umesikia, Furaha? Mama yako iko mu njia. Mutu akikuomba moto, umwambie haiko."

"Na kama anauona?"

"Umwambie vile vile."

Alhamisi asubuhi Koko alikwenda kwenye maombi. Jirani yetu Mrundi, Mama Kelia, akaja na kopo mkononi na mtoto mchanga mgongoni. Mkaa wake ulikuwa umelowa. Mtoto alikuwa anatetemeka, na midomo yake ilikuwa na rangi iliyonitisha. Mbaula yetu, lile jiko la bati, ilikuwa inawaka katikati ya chumba. Ningesemaje haiko? Nilimpa makaa matatu.

Jumamosi nilikaa barabarani, wanaposhukia watu wa minibasi, hadi jua likazama. Mama hakuja. Hakuja Jumapili, wala wiki iliyofuata.

Sikumwambia mtu. Nilikumbuka Koko aliwahi kusimulia kwamba moto uliotoka unaweza kurudishwa: aliyeutoa aende kuuomba kwenye nyumba ileile ulikopelekwa, kila asubuhi, mpaka msafiri aonekane. Lakini huwezi kuomba moto huku wa kwako unawaka. Kwa hiyo kila kulipokucha, Koko akiwa bado amejifunika, nilimwagia maji makaa yaliyobaki kwenye mbaula, nikachukua kopo, nikaenda.

"Ee, Furaha, kwenu munakula moto?" Mama Kelia alicheka siku ya nne. Lakini hakuacha kunipa.

Koko alianza kukohoa. Alikaa na mablanketi mawili mabegani akiulaumu mkaa wa Malawi. "Makaa gani haya, yanakufa bila kuaga!" Mimi nilitazama chini. Nilijua kwamba ninamtesa bibi yangu kwa baridi ili nimrudishe mama yangu, na niliona ni sawa.

Wiki ya tatu alinikuta na maji mkononi. Nilimweleza yote huku nikilia. Hakunipiga.

"Ulitoshaka yale makaa nje siku gani?"

"Alhamisi."

Alivuta blanketi. "Mama yako iko Joni." Ndivyo watu wa hapa wanavyoiita Afrika Kusini. "Alipandaka lori Jumanne. Alinitumia sauti kwa simu ya mchungaji. Nilikuwa nangoja upate nguvu, mwanangu, ndio nikuambie."

Jumanne. Siku mbili kabla Mama Kelia hajabisha mlangoni.

Sasa nina miaka kumi na saba. Kifua cha Koko hakikupona vizuri, na niliacha shule darasa la saba ili nibaki naye. Mimi ndiye ninayewasha mbaula, na mlango nauacha wazi kidogo hewa ipite, hata upepo ukiwa mkali. Jirani akiomba moto, nampa.

Wachache niliowasimulia habari hii huniambia kwamba lazima nilifurahi siku ile, kujua si mimi niliyempoteza mama. Sikufurahi. Nilimkasirikia Koko mwezi mzima, wala sikujua kwa nini. Leo najua. Kwa wiki tatu nilikuwa mtoto mwenye kosa, lakini nilikuwa na mama aliyekuwa akihangaika kurudi. Koko aliponiondolea lile kosa, aliniondolea na mama huyo.