Hodi Isiyoitikiwa

Naikumbuka Jumamosi moja, mwanangu, babu yangu alipotupeleka kisiwani Juani kuutazama mji wa kale wa Kua, uliobaki magofu. Nasema alitupeleka matembezi. Kweli yake alikuwa anampima mtu. Saidi, mwalimu kutoka Tabora, alikuwa ameniposa, na babu hajasema ndiyo wala hapana. "Mtu wa kuja huyo," alisema tu, "tutamtazama."

Nami nilimtaka. Akikataliwa, ningeozwa mtoto wa ami yangu wa Bwejuu, mtu mwema, lakini moyo haukumtaka.

Tulivuka kutoka Chole. Saidi, aliyeiona bahari ukubwani, kashika ubao wa mashua kwa mikono miwili, na mimi nacheka. Enzi hizo mdomo wangu haukujua kufungwa.

Tulipofika, Saidi akapita moja kwa moja ndani ya jumba moja la mawe, halina paa wala mlango, mizizi imetambaa kutani. Babu akamwita taratibu.

"Mwalimu, hukupiga hodi."

Nikaangua kicheko. "Babu nawe! Hodi kwa nani? Wenyewe walikufa zamani, na mlango wenyewe haupo!"

Babu hakumtazama Saidi, alinitazama mimi. "Nyumba yenye mlango hujilinda. Isiyo na mlango inalindwa na adabu yako tu. Wewe wa papa hapa hujui hilo?"

Loo, nilitahayari! Mdomo huponza kichwa, na wangu ulikuwa umeponza posa.

Saidi akasema, "Samahani, mzee." Akatoka, akasimama pale palipokuwa mlango. "Hodi." Kimya. Akangoja. "Hodi." Kimya. Akapiga ya tatu, akangoja zaidi. Desturi waijua: ya tatu isipoitikiwa, mtu huenda zake. Naye akageuka aende zake, jumba lote liko wazi mbele yake.

Babu, aliyekuwa kasimama nyuma yake, ndiye aliyeitikia.

"Karibu, mkwe wangu."

Nililia pale pale, sioni haya kulisema. Tuliishi na mwalimu yule mpaka Mungu alipomchukua.

Sasa nasikia wiki hii na nyinyi mnakwenda Kua na simu zenu. Nendeni, mpige picha mpendavyo. Ila sikia, mwanangu: pasipo na wa kukukataza, jikataze. Wala si mawe tu. Mjane, yatima, mzee asiyesikia vizuri, hao wote ni nyumba zisizo na milango. Kila mtu aweza kuingia na kuchukua. Wewe simama nje kwanza. Heshima si utumwa.

Mwenyezi Mungu akufungulie kila mlango unaoupigia hodi kwa adabu. Na siku mlango wangu mimi utakapoliwa na mchwa, nami sipo tena wa kuitikia, uje, mwanangu, upige hodi vivyo hivyo.