Kidole Kilichonenepa kwa Siku Sita

Akida ni sonara mjini Kahama. Kwa miaka thelathini na moja ametengeneza pete kwa dhahabu ambayo wachimbaji humletea ikiwa imekunjwa kwenye karatasi ya sigara. Hucheka kwa urahisi, isipokuwa anapopima kidole.

Machi alipanua pete ya Scolastika, mjamzito wa miezi minane aliyekuwa anajiandaa kubariki ndoa na Mihayo, mchimbaji mdogo. Siku sita baadaye wakarudi wote wawili. Pete haipiti.

"Shikamoo, Baba Raudha," Scolastika alimsalimu Akida. "Ongeza kidogo, harusi ni Jumamosi."

"Marahaba. Umekula nini wiki hii?"

"Namlisha," Mihayo alijibu kwa majivuno. "Kwetu mke akinenepa, sifa ni za mume."

Akida alipima: namba mbili zaidi. Akamtazama Scolastika usoni. Kope zilikuwa zimevimba.

"Mtu hanenepi hivi kwa siku sita. Kichwa kinauma?"

"Tangu juzi, na naona vimulimuli. Ni jua tu."

"Binti yangu Raudha alianza hivi hivi, akaangushwa na kifafa cha mimba. Pete siigusi. Twendeni mkapime presha."

"Kliniki ni wiki ijayo," Mihayo alibisha. "Tarehe iko kwenye kadi. Sonara gani anafukuza wateja?"

"Anayetaka warudi wakiwa watatu."

Akafunga duka, akaita bajaji, akapanda nao.

Hospitalini muuguzi Paskazia alimpumzisha Scolastika kwanza, kisha akapima mara mbili: 168 kwa 112. Mkojo ulionyesha protini nyingi.

"Kuvimba peke yake kusingenitisha," alisema. "Lakini presha hii, protini, kichwa na macho? Leo hurudi nyumbani, mama."

"Na harusi?"

"Padri atasubiri. Wa tumboni hatasubiri."

Scolastika alichomwa sindano ya kuzuia kifafa, akapewa dawa za kushusha presha. Ijumaa madaktari walimzalisha mtoto wa kike, kilo mbili na robo, aliyelia mpaka wodi ya jirani ikauliza kulikoni.

Jumatatu Akida alipokwenda kuwajulia hali, alimkuta mama analalamika. Presha huweza kupanda hata baada ya kujifungua, kwa hiyo Paskazia alikuwa hambanduki.

"Baba Raudha, nitetee. Nimeshazaa, bado wananipima!"

"Nikutetee vipi? Mimi mwenyewe naogopa kupimwa hapa."

"Toa mkono, mama," Paskazia aliamuru.

Akautoa huku anacheka. Mtoto aliendelea kunyonya.