Swala Jike Mwenye Pembe

Harufu ya gundi ya stempu hunirudisha Kilosa, kwenye beseni la mama, alimoloweka vipande vya bahasha mpaka stempu zibanduke zenyewe. Tulizitandaza juu ya ungo zikauke. Marehemu baba ndiye aliyeanza kuzikusanya. Alipotutoka, mama akaendelea, ingawa majirani walimcheka kwamba anafuga karatasi.

Stempu nzuri mama hakuzijali. Alipenda zilizokosewa. Alikuwa na ya meli ambayo moshi wake unaelekea huku na bendera inapepea kule. Lakini kipenzi chake ilikuwa stempu ya nchi moja ya mbali: swala pala ananyonyesha mtoto, na kichwani ana pembe ndefu za kujipinda. Sisi tuliozoea kuwaona swala dirishani mwa basi pale hifadhini Mikumi tulijua vizuri kwamba jike hana pembe. Nilicheka mpaka nikapaliwa.

"Mchoraji huyu hajawahi kuingia porini, mama."

"Hajawahi," alisema, akiipangusa taratibu. "Lakini mwache. Amemwonea huruma mama wa watu."

Msiba ulipotimiza mwaka, baba mkubwa akaja kutoka Kidodi kunichukua. Kwa desturi ya upande wao, mtoto ni wa ukoo wa baba. Alikuwa na shamba la miwa na nyumba kubwa, tena hakuwa mtu mbaya, na hapo ndipo palipokuwa pagumu. Shangazi aliyefuatana naye alikwisha kufunga nguo zangu kwenye kanga.

Mama alipiga goti. "Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Mtoto yuko tayari?"

Mama alileta maji. Alimnawisha, akampakulia wali, akangoja amalize kula. Kisha akasema, kwa sauti ileile ya kukaribisha, "Nisamehe, shemeji. Chakula changu utakula kila ukija. Mtoto haendi."

Huyu ni mama ambaye sikuwahi kumsikia akibishana na mtu hata sokoni. Nilimtazama kichwani, kwenye kitambaa chake, nione kama kuna kitu kimeota.

Baba mkubwa alifoka. Akawataja wazee, akalitaja jina la marehemu mdogo wake. Mama hakupandisha sauti wala hakuinua macho, alirudia tu, "Mtoto haendi." Mwishowe mzee akachukua kofia yake, shangazi akaifungua ile kanga, wakaondoka. Mpaka leo sijaona ushujaa wa kuupita ule.

Walipopotea njiani, mama alikaa chini palepale mlangoni, asiweze kuinuka. Nilidhani amechoka na mapishi. Nikamletea maji, akayamwaga nusu kifuani. Mpaka nilipozaa wa kwangu ndipo nilipoelewa: alikuwa akiogopa tangu asubuhi, na wakati wote ule wa kumpakulia mgeni wali, hakujua kama jioni angekuwa bado na mtoto.