Matone Matatu ya Kamaludin

Siku hizi mtu akishuka zile ngazi za mawe ziendazo baharini nyuma ya nyumba za Kibokoni, hasikii kisu kikipara samaki. Kwa miaka kumi na tisa sauti hiyo ilikuwepo, kra, kra, kra, tangu asubuhi hadi jua la utosini, na watu waliizoea hadi wakaacha kuisikia. Wameanza kuisikia baada ya kisu kunyamaza. Bi Hind, anayepaka maharusi hina katika chumba cha juu, hukatiza kazi ghafla na kutega sikio. Bibi harusi humuuliza kuna nini. Humjibu hakuna kitu, na kweli hakuna.

Aliyekuwa akipara ni kakake, Kamaludin, mwembamba, hakuoa, mcheshi akiwa na kisu mkononi na mkimya akikiweka chini. Majirani walimletea samaki wao awasafishe. Matumbo ya samaki wa kwanza hakuyatupa ovyo. Alimpa mkunga, yule samaki mrefu mfano wa nyoka, aliyeishi katika tundu la ukuta chini ya ngazi ya mwisho. Maji yakipwa, kichwa chake kilionekana pale tunduni, cha kahawia, kina madoa, kinene kama paja la mtoto. Mdomo ulifunguka ukafumba, ukafunguka ukafumba, bila sauti. Ndivyo mkunga anavyopumua. Kamaludin alilijua hilo, ila alipenda kusema kwamba anazungumza.

"Wee Kamaludin, mkeo ameamkaje leo?" wazee wa barazani walimtania.

"Ameamka na njaa kama nyinyi. Tofauti ni kuwa yeye hasengenyi."

Mwanzoni alimlisha kwa ufito mrefu. Kisha kwa ufito mfupi. Mwaka jana akaanza kumlisha kwa vidole, huku akimsimulia habari za nyumba: nani kazaa, nani kaondoka, nani yu mgonjwa. Ami Abdulhadi, mzee muuza kahawa, hakuipenda kabisa hali hiyo.

"Yule hakuoni, mwanangu. Macho yake ni ya bure. Anajua harufu tu."

"Anaijua sauti yangu, Ami."

"Anaijua harufu ya chakula. Siku ukinuka chakula, utakuwa chakula."

Hind naye hakuipenda, lakini yeye ulimi wake ulikuwa mzito, kwa sababu ya mama yao. Marehemu mama alikuwa na desturi. Mtu akijikata akisafisha samaki ngazini, hafungi kidole mara moja. Kwanza hukining'iniza juu ya maji yadondoke matone matatu, haki ya mahali, ndipo afunge. Hind alifanyiwa hivyo akiwa na miaka saba. Mpaka leo anakumbuka jinsi tone la tatu lilivyokawia, na jinsi mama alivyomshika kiwiko asiuondoe mkono.

Ilikuwa Jumamosi ya bamvua. Maji yalikuwa yamepwa kupita kawaida, yakasimama kama mafuta ndani ya karai. Hapakuwa na kunguru hata mmoja ukutani. Hind alikuwa dirishani na koni ya hina mkononi, akisubiri mkono wa bibi harusi ukauke, ndipo alipomwona kakake akimaliza kumpiga pweza jiweni. Kamaludin alijifuta mikono kwenye kikoi, hakuiosha. Akainama ngazi ya mwisho, akaushusha mkono wa kulia hadi kwenye tundu, mtupu, kama mtu anayetoa salamu. Mkono ulikuwa unanuka pweza, na hakuna kitu mkunga anachokipenda kama pweza.

Hapakuwa na kelele. Hind aliona tu bega la kakake likivutwa chini. Kisha Kamaludin akafanya ambalo kila mtu angelifanya: akauvuta mkono kwa nguvu zake zote. Meno ya mkunga yamepinda kuelekea ndani, na mkono ukatoka umechanika toka kifundo hadi katikati ya kigasha. Damu ilikuwa ikiruka kwa mapigo.

Hind hakumbuki alivyoshuka. Alimkuta kakake ameketi ngazini, uso umetulia kupita kiasi.

"Ushushe, dadangu," alimwambia. "Ushushe mkono. Matone matatu tu."

Na Hind akaushusha. Hilo hajamwambia mtu hadi leo kwa sauti kubwa. Aliushika mkono wa kakake kiwikoni, vilevile alivyoshikwa yeye, akauning'iniza juu ya maji. Hayakuwa matone. Ulikuwa mfereji. Maji yalipiga wekundu, na katikati ya wekundu ule kichwa cha kahawia kikatoka taratibu, mdomo ukifunguka ukafumba, ukafunguka ukafumba. Kamaludin akatabasamu. Midomo yake ilikuwa imekwisha kuwa ya kijivu.

"Bi Hind! Mkono juu! Juu!"

Alikuwa Ketty, mpangaji wa chumba cha pili, mtu wa Bungoma, karani wa bandarini ambaye kazini walimfundisha huduma ya kwanza. Alikuja mbio na mwiko wa ugali ungali na unga wa moto. Akaichomoa leso begani mwa Hind, akaikunja, akaikandamiza jerahani.

"Bonyeza hapa. Kwa uzito wako wote. Mlaze chini."

Ami Abdulhadi alikuja na kopo. "Nimeleta kahawa ya kusaga, tuitie ndani izuie."

"Hapana, Ami. Jeraha la namna hii halitiwi kitu. Nitafutie mkokoteni, tafadhali."

Leso ililowa. Hind akataka kuifunua atazame. "Usiifunue!" Ketty akampiga kofi mkononi. "Ukifunua unaanza upya. Ongeza nyingine juu yake." Ya pili nayo ikalowa. Ndipo Ketty akachana upande wa leso, akaufunga juu ya jeraha, chini kidogo ya kiwiko, akapitisha mpini wa mwiko na kuuzungusha. Kamaludin akapiga ukelele.

"Mwachieni haki yake! Hind, unamdhulumu!"

"Namdhulumu," Hind alijibu, akiwa amemkalia bega. "Nilaani ukipona."

Mwiko ukazunguka tena. Damu ikapungua, ikawa ya kuchirizika, ikakoma.

"Saa ngapi?" Ketty aliuliza. "Daktari lazima ajue tulifunga lini. Andika mahali."

Hind hakuwa na kalamu. Alikuwa na koni ya hina. Akaandika kwenye paji la uso la kakake, kwa mwandiko uleule mzuri wa maua ya maharusi: saa saba na robo. Wakampandisha mkokotenini, Ketty akishikilia mwiko, Hind akishikilia mkono hewani, na vichochoro vyote vikawapisha.

Hospitali walimshona muda mrefu. Mkono ukabaki, ila vidole viwili havikunjiki. Saa ile ikakaa usoni pake siku nyingi, rangi ya chungwa, na kila alipojitazama kiooni aliisugua.

Hakumlaani dadake. Alimwambia tu, "Ulimwonjesha, kisha ukamnyima."

"Nilikushika wewe, Kamal."

"Najua. Na yeye anajua."

Akaanza kukataa kuoga nyumbani. Alisema ndani ya birika la chooni kuna kitu kinafungua mdomo na kufumba. Hind aliyamwaga maji yote mbele yake, akamwonyesha saruji tupu. Kamaludin alitazama, akaitikia kwa kichwa kwa adabu, akaenda kufunga nguo zake.

Mkunga yungali pale. Siku za bamvua hutoa kichwa, na Hind, akiwa dirishani, huona mdomo ule ukienda. Hajamwambia kakake.

Kamaludin sasa anaishi Makupa, orofa ya tatu, ambako maji ya bahari hayafiki, na mchana huuza taa za malori katika duka la Nicodemus, mumewe Ketty.