Siku Tisa Mlangoni kwa Mhadhiri

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hata leo sipendi kuikumbuka nikiwa mezani, maana chakula hakipiti. Ni siku matokeo yalipobandikwa ukutani pale chuoni, chuo cha serikali, mwisho wa mwaka wangu wa kwanza. Nilishusha kidole kwenye karatasi mpaka nikaifikia namba yangu. Somo moja halikuwa na alama za majaribio ya muhula. Patupu. Na majaribio yote mawili nilifanya, karatasi nikamkabidhi mhadhiri mkononi.

Bila alama zile wastani wangu ulianguka. Wanafunzi tuliita hali hiyo kudisko: unafunga godoro lako, unarudi kwenu. Chini ya tangazo waliandika kwamba mwenye malalamiko ayapeleke ndani ya siku kumi za kazi.

Siku kumi ni nyingi kwa mwenye mdomo. Lakini mimi ni mzaliwa wa Bashay, kijijini kwa Wambulu. Kwetu kijana mwenye shida haingii kwa mkubwa akaanza kuimwaga. Anatoa shikamoo, anasimama kando, ananyamaza, mpaka mkubwa mwenyewe aulize, "Haya, umekuja na nini?" Jambo likiwa zito, unatafuta mtu wa kukusemea. Ndivyo nilivyolelewa, nikadhani dunia yote imelelewa hivyo.

Wa kunisemea nilimpata siku ileile: Gwandu wa Masakta, Mmbulu mwenzangu, kiongozi wa darasa letu. Namtaja kwa jina. Kama kuna wa kuona aibu ni yeye.

"Tulia bwana, wewe si mtu wa kwetu?" aliniambia. "Mwalimu Ndekero namjua, hilo dogo."

Hakwenda. Alikuwa anagombea uongozi wa wanafunzi, hakutaka kumkera mhadhiri. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, mwanangu.

Ndekero, mhadhiri mwenyewe, naye namtaja. Kuanzia kesho yake, kila asubuhi nilisimama mlangoni kwake nikingoja aniulize.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba." Kichwa hainui, mlango anafunga.

Siku tisa hivyo. Wenzangu wakipita wananicheka: "Mmbulu kapata kazi ya ulinzi, mpeni rungu!" Nami nilicheka nao, mjinga mimi.

Siku ya kumi na moja ya kazi tangu tangazo, katibu wake, mama wa makamo, alitoka na kikombe cha chai mkononi. "We kijana, kila siku shikamoo, shikamoo. Kwani una shida gani?"

Nikamwambia. Akaingia, akafungua kabati, akapekua. Alirudi na karatasi zangu mbili, zimesahihishwa, zimebanwa pamoja na za mtu mwingine. Nilikuwa nimefaulu. Yule mama akaziangalia, kisha akaangalia kalenda.

"Mwisho ulikuwa jana," akasema. "Jana! Na jana ulikuwa umesimama hapahapa."

Akanishika mkono tukaingia kwa Ndekero. Alisikiliza, akasema kanuni ni kanuni. Hata pole hakutoa.

Nilirudi nyumbani nikimtegemea baba awalaani wale wawili. Nilimkuta shambani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nilikufundisha kunyamaza ili umsikie mkubwa. Nani alikufundisha kunyamaza unapoibiwa?" Akaendelea kupalilia.

Leo nalima vitunguu saumu, Gwandu ana ofisi yake mjini. Kanisani wananiambia nisamehe. Wale wawili nimejaribu. Yule wa tatu ndiye amenishinda kumsamehe, na yule wa tatu ni mimi.

Basi wewe unayekwenda chuo mwaka huu, nisikilize, ingawa anayesema nawe hakumaliza chuo. Shikamoo usiiache, heshima haijamfukuza mtu shule. Ila ukishaitikiwa marahaba, usiondoke. Sema shida yako palepale, siku ileile, kwa mdomo wako. Iandike pia, wapige muhuri, nakala ubaki nayo. Usimtume mtu, hata awe wa kwenu. Wakubwa wa kule wana vijana maelfu, hawana muda wa kusoma uso wa mtu. Mficha uchi hazai.

Haya, nenda. Mungu akupe sauti isiyotetemeka mbele ya meza ya mtu yeyote. Akukutanishe na wenye huruma mapema, si baada ya siku kupita. Na utakaporudi na joho lako, uwakute wote uliowaacha nyumbani bado wapo, wakupokee.